Pampu ya Kijani ya Mama Wambui

Wameniambia nimestaafu. Niko na miaka thelathini na sita na meno yangu yote, lakini ofisi imepunguza watu na hilo ndilo neno walichagua, basi sawa, nimestaafu. Nyinyi wawili mliobaki na gamubuti zangu mlitaka niwaandikie venye hii kazi iko. Nilijaribu kuanza kama insha ya shule, nikachoka kabla ya ukurasa wa pili. Nitaandika tu venye mambo yalikuja. Habari ya cheo na mshahara sitagusa. Kwanza haikuwa mingi.

Niseme mapema: hii ni kazi ya woga. Mtu asiyeogopa asikague chakula cha wengine.

Nilianza nikiwa nimetoka tu kidato cha nne. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la misumari hapa Nyeri mjini. Kampuni ilikuwa inanunua mboga zilizolimwa bila dawa za viwandani kutoka kwa vikundi vya wakulima, hasa upande wa Kieni, na kuuzia hospitali, hoteli na watu wa ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mashamba nikiangalia kama kweli hawatumii hizo dawa. Waliniita inspekta. Hiyo jina ilinitia baridi, kwa sababu inspekta mwenye nilijua alikuwa wa polisi, na kwetu watu walikuwa wanamkimbia.

Aliyenifundisha ni Mzee Muriithi. Huyu alikuwa nyapara wa wapiga dawa kwa shamba kubwa la kahawa miaka mingi, akibeba pampu mgongoni, mpaka mikono yake ikaanza kutetemeka. Kikombe alikuwa anashika na mikono yote miwili. Hakuwahi kuniambia ni nini kilimfanya hivyo, na mimi sikuuliza, lakini kila nikimwona akiinua chai nilikuwa naangalia pembeni.

Siku ya kwanza alinipa gamubuti, kijiko cha kuchimbia, kioo cha kukuza vitu, na tepi ya fundi wa nguo ya kupima mpaka. Halafu akanipeleka kwa shamba moja huko Kieni. Mwenye shamba akatukaribisha chai na ngwaci, viazi vitamu, zimetoka kwa moto. Mimi nikakaa. Muriithi akabaki amesimama, akasema tutakunywa tukimaliza. Njiani kurudi akaniambia: "Wewe msomi, ukinywa chai kabla hujatembea shamba, ripoti umeshaandika. Imebaki tu kuweka tarehe."

Jambo la pili alinifundisha ni mahali pa kuanzia. Mimi nilitaka kuanza na mboga. Yeye alianza na choo. Akaingia, akainua macho kwa paa, akapapasa juu ya mbao. Mtu akitaka kuficha chupa ya dawa haiweki kwa stoo, maana anajua stoo ndiyo mgeni ataomba kuona. Kutoka choo unaenda shimo la takataka, halafu stoo, halafu mpaka wa jirani, na mboga ndiyo ya mwisho. Nimefuata hiyo njia miaka yote. Nimejua vyoo vya Kieni kuliko vile mtu angependa kujua.

Sasa maswali. Mtaulizwa maswali yale yale mpaka mtamani kuyaandika kwa kofia. Mama Halima wa Majengo, aliyekuwa anauza mboga yetu kwa kibanda chake karibu na msikiti, aliniuliza kama mboga ya kilimo hai ni ile haijaoshwa. Nikamwambia hapana. Akasema basi kwa nini iko na mchanga. Nikamwambia hiyo mchanga ni ya lori. Hakuamini.

Watauliza kama maana yake ni kutopiga kitu chochote. Hapana. Mkulima anaruhusiwa kupiga maji ya mimea, kama thabai, yale majani ya kuwasha, iliyovundishwa kwa pipa, na vitu vichache vingine vyenye viko kwa kanuni. Watauliza nani aliweka hizo kanuni. Siku zile serikali ilikuwa na sheria ya sumu na sheria ya chakula kichafu, lakini hakukuwa na sheria ya kusema nani anaruhusiwa kuita mboga yake ya kilimo hai. Mtu wa soko angeweza kuandika hivyo kwa gunia lolote. Sisi tulikuwa tunafuata kanuni za wanunuzi, na mara moja kwa mwaka mkaguzi wao alikuja kutukagua sisi tunaokagua wengine. Na watauliza kama hiyo chakula ni nzuri zaidi kwa mwili. Hapo jibuni kama Muriithi: setifiketi haisemi chakula ni nzuri, inasema venye ililimwa. Watu hawapendi hilo jibu. Wapeni hivyo hivyo.

Jambo moja zaidi, kwa sababu yote inayofuata inakaa juu yake. Setifiketi haikuwa ya mtu mmoja. Mkulima wa ekari moja hangeweza kuilipia, kwa hivyo kikundi kizima kilikuwa chini ya karatasi moja. Mmoja akipiga dawa, wote wameanguka. Ndiyo maana nilikuwa nalala vibaya. Mtu akikosa, sikuwa naona shamba moja, nilikuwa naona milango yote ya hicho kilima.

Sasa nifike kwa Mama Wambui.

Alikuwa mjane, shamba yake iko ndani kidogo kutoka Chaka, kwa ile barabara ya vumbi. Sukuma wiki na spinachi, na mapipa mawili ya thabai yenye ilikuwa inanuka mpaka mbwa hawakaribii. Kila mkulima wetu alikuwa na pampu ya kubeba mgongoni iliyopakwa rangi ya kijani. Sheria ya pampu ya kijani ilikuwa moja tu: haiguswi na dawa na haiazimwi. Kuandika hiyo sheria ni rahisi ukiwa ofisini.

Jirani yake alikuwa anaitwa Baba Karanja, mkulima wa nyanya na viazi, mpiga dawa wa kweli, hakuwa wa kikundi chetu. Hawa wawili walikuwa wamepelekana kwa chifu juu ya mpaka, maneno mabaya yakatoka, mpaka wazee wakawapatanisha. Baada ya hapo wakawa wanafanyiana adabu kubwa sana, ile adabu ya watu wanaoogopa kuanza tena. Baba Karanja alikuwa anamletea maji na mkokoteni wake wa punda bila kuitisha kitu. Basi pampu yake ilipopasuka mpira akaja kuazima ya kijani, niambieni, nyinyi mngemkatalia mkimwangalia kwa macho?

Mimi hayo sikujua. Mwaka huo jua lilikuwa kali, wadudu wa kunyonya wamejaa kila mahali. Nilifika asubuhi kwa pikapu ya ofisi na dereva, kukagua kabla ya kuvuna. Wanawake wa kikundi walikuwa tayari kwa mistari ya sukuma wakichuma, na lori ilikuwa inangojewa. Nikaenda choo, nikaenda shimo, nikafika stoo. Mama Wambui alikuwa ameketi nje ya stoo kwa gunia, ameegemea ukuta.

Nikamsalimia, akajibu polepole. Akasema amepiga thabai asubuhi na mapema, sasa ameshikwa na homa. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyenyeshewa, na kulikuwa bado na baridi. Mate yalikuwa yanamtoka, anapangusa na leso, yanatoka tena. Nikainama nikamwangalia macho. Ule weusi wa katikati ulikuwa umekuwa mdogo kama ncha ya kalamu.

Hiyo macho nilikuwa nimeelezewa na Muriithi: ndivyo dawa ya wadudu inafanya mtu. 

Pampu ilikuwa hapo kando. Nikafungua kifuniko. Harufu ya thabai ikanipiga, na thabai iliyovunda inafunika harufu zote za dunia. Lakini maji ya thabai ni meusi-meusi, ya kijani chafu. Haya yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Dawa nyingi za duka ukiweka kwa maji yanakuwa meupe. Nikageuza pampu: mpira wa chini ulikuwa unavuja. Nikamshika mgongo. Nguo ilikuwa imelowa kutoka mabega mpaka kiunoni, na ilikuwa imelowa hivyo tangu asubuhi. Mtu anayejua amebeba sumu anavaa kitu, au akilowa anakimbia kuoga. Yeye alijua amebeba majani.

Nikapigia wale wanawake kelele watoke kwa sukuma na waoshe mikono na sabuni mpaka viwiko. Tukamvua Mama Wambui nguo ya juu, tukamwaga maji mgongoni, tukampaka sabuni, tukamvalisha sweta ya mmoja wao.  Nikamuuliza nani alikuwa na pampu. Akasema Baba Karanja alirudisha jana, yeye akiwa kanisani. Aliikuta kwa mlango, na kitu ndani. Alidhani jirani hakuwa ameitumia, na hiyo ni thabai yake ya mwisho yenye hakuwa amemaliza, akaongeza ingine juu.

Wanawake wakamwita Baba Karanja kupitia ua wa mpaka. Akaja akikimbia, akaona huyo mama venye ako, akasimama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunga namna hiyo, kama duka. Nikamuuliza alikuwa amepiga dawa gani. Akasema hakupiga. Nikamwambia pampu iko na dawa. Akasema yeye aliirudisha tupu, imeoshwa. Wale wanawake wakaangaliana. Kila mtu hapo alikuwa anafikiria kesi ya mpaka, na yeye alijua wanafikiria nini. Mmoja akasema kwa Kikuyu, si kwa sauti ya chini, kwamba chifu alisikia kidogo, sasa mahakama itasikia yote. Baba Karanja akageuka akaenda zake.

Tulipokuwa tunamweka kwa pikapu, lori ikafika na Ndirangu, mwenyekiti wa kikundi. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti kwa chuo cha ualimu na shamba lenye lilikuwa halijampa kitu kabla ya hii mboga. Akaangalia, akaelewa haraka kuliko wote. Akanivuta kando ya gurudumu.

"Inspekta, huyo ni malaria."

"Si malaria, Mwenyekiti."

"Nasikia. Lakini ukifika hapo hospitali useme ni malaria, watampima wenyewe wajue ni nini. Si wao ndio wamesoma? Wewe usitamke hiyo neno ingine. Hiyo neno ukitamka, sisi wote tumekufa, si yeye peke yake."

 Niliogopa nikifungua mdomo nitakubali. Nikaingia nyuma ya pikapu na Mama Wambui, kichwa chake kwa mapaja yangu, tukatoka.

Kutoka Chaka mpaka Nyeri si mbali, lakini siku hiyo barabara ilikuwa inaongezewa mbele tukienda. Alikuwa anapumua na sauti ya maji kifuani. Misuli ya shavu ilikuwa inarukaruka peke yake. Karibu na daraja akanishika mkono akanivuta nimsikie.

"Msichana wangu, usiseme ni dawa."

Nikamwambia anyamaze apumzike.

"Wale wengine hawajakosa. Mimi niko peke yangu, wao wako na watoto. Sema ni homa. Niahidi."

Hapa ndipo nilitaka mfike, ndugu zangu. Watu watawaambia kazi ya ukaguzi ni kujua kanuni. Kanuni nilikuwa najua zote. Mama ya watu alikuwa ananiomba nimwache afe kwa heshima ya kikundi, na nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na sikuwa na mtu wa kuuliza. Sikumwahidi. Wala sikukataa. Nilimpangusa mate.

Hospitalini daktari akauliza nini imetokea. Nikasema, "Amelowa dawa ya kupiga mboga mgongoni tangu asubuhi." Nilisema haraka, ndio isinirudi. Mama Wambui akafunga macho. Akageuza uso kwa ukuta.

Wakamwanzia sindano. Lakini daktari akatoka nje akanieleza: dawa za wadudu si aina moja. Kuna zile hii sindano inasaidia na unaongeza na ingine, na kuna zile ukiweka hiyo ya pili unaweza kuharibu. Anataka jina. Nikamwambia sina. Akasema basi nitafute, na mgonjwa hawezi kungoja sana. Dereva akarudi Chaka na pikapu kumtafuta Baba Karanja. Mimi nikabaki kwa benchi nikisikia kila mlango unafunguliwa. Muriithi alikuja kutoka ofisini akaketi kando yangu. 

Dereva hakuwa amerudi wakati Baba Karanja aliingia. Alikuwa amekuja na baiskeli, wamepishana. Vumbi mpaka kwa nyusi. Alikuwa ameshika kiondo kwa mbele, mbali na mwili. Akafungua akatoa chupa, imefungwa na karatasi ya unga, alama nyekundu inaonekana pembeni.

"Ni hii," akasema. "Wakitaka kunifunga, wanifunge."

Muriithi alisimama akaichukua, mikono yake ikitetemeka, akapelekea daktari mbio. Baba Karanja hakuketi. Akaanza kuniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye hakimu. Alikuwa amebakisha dawa kwa pampu. Angemwaga. Lakini mtu akikuazima chombo unakirudisha na kitu ndani. Kiondo unarudisha na viazi, kibuyu na uji. Huyu mama na yeye walikuwa wametoka kwa maneno mabaya. Angemrudishia vipi chombo mikono mitupu, kama mtu bado ako na kinyongo? Na alikuwa ameona sukuma yake imejaa wadudu.

"Nikamwachia kidogo ajisaidie," akasema. "Nilifikiri ataona nimemkumbuka."

Nikamuuliza mbona alikana. Akasema, "Nani angeniamini?"

 Mimi mwenyewe asubuhi ile sikuwa nimemwamini.

Mama Wambui alivuka usiku huo na uliofuata. Siku ya tatu alifungua macho akaitisha uji, na muuguzi akasema mgonjwa akiitisha uji ni wa nyumbani. Lakini mimi hakunisemesha. Nilienda kumwona mara mbili, akawa anaangalia dirisha.

Ripoti niliandika mimi. Niliandika yote. Ofisi ikaamua kama kanuni inavyosema, na nikatumwa kusoma uamuzi kwa mkutano wa kikundi, kwa kanisa. Muriithi aliniambia njiani nisome nikiwa nimesimama karibu na mlango. Nilidhani ni mzaha. Nilipoingia nikaona nyuso za watu, nikasimama karibu na mlango.

Nikasoma. Kikundi kizima kimesimamishwa kuuza mpaka kila shamba likaguliwe upya, kila pampu ifunguliwe. Shamba ya Mama Wambui inarudi mwanzo: sukuma yote ing'olewe ichomwe, hata ng'ombe asipewe, na miaka mitatu bila kuuza kwa jina letu. Kelele ikaanza kabla sijamaliza. Mmoja akasema afukuzwe kikundi, alivunja sheria ya pampu. Mwingine akataka Baba Karanja, aliyekuwa nje kwa dirisha, aletwe ndani aulizwe vizuri, na najua venye watu wanauliza vizuri wakiwa na hasira.  Ndirangu alikuwa ameketi kati yao, kofia kwa magoti.

Mama Wambui alikuwa benchi ya mbele, amekonda, sweta mbili. Akainuka, wakanyamaza, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amemsikia tangu siku ile. Akanigeukia mimi.

"Hiyo miaka mitatu inaanza kuhesabiwa lini?"

Nikaangalia karatasi, ingawa nilijua. "Kutoka siku ile ulipiga."

"Si kutoka leo?"

"Kutoka siku ile, mama."

"Basi imeshaanza," akasema. Akaangalia watu wote, mmoja mmoja, mpaka kwa dirisha. "Mimi nimelala kitandani na udongo umekuwa ukihesabu. Nyinyi kaeni hapa mkipiga kelele. Mimi niko na sukuma ya kung'oa."

Akatoka, akishika viti. Alipofika nje alikuwa anayumba. Baba Karanja akasogea, akasita, halafu akampa bega, mama akashika. Wakaenda na hiyo njia ya vumbi. Wanawake wawili wakainuka, wale waliokuwa wanachuma siku ile. Halafu wengine. Ndirangu alikuwa wa mwisho. Alipita karibu yangu akavaa kofia, akasema bila kuniangalia kwamba kama ni kung'oa, watu wengi ni haraka.

Nilibaki na Muriithi na viti. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita, dawa pengine ilikuwa imeisha kwa majani. Lakini pengine si neno la kushikia sukuma. Nikachukua mifuko ya nailoni kwa pikapu nikawakimbilia, nikiwapigia kelele wasiguse kitu mpaka wafunge mikono na hiyo mifuko.